"Ward off" haina uhusiano na kuwa ofu wodini: jibu kwa muuguzi aliyeuliza kuhusu vitenzi vya kukinga

*"Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya, kliniki ya mama na mtoto. Kila mwezi tunaandika taarifa ya mradi wa vyandarua kwa Kiingereza kwa ajili ya wafadhili. Mwezi uliopita niliandika: 'We warded off children under five from malaria by giving them nets.' Kitenzi hicho nilikiona kwenye makala ya afya nikakipenda. Taarifa ikarudi na mstari mwekundu, bila maelezo. Mganga mfawidhi akaniambia niandike 'prevent' siku zote, niachane na mbwembwe. Dada wawili ninaofanya nao kazi wakabishana: mmoja anasema 'ward off' ni kumtoa mgonjwa wodini, mwingine anasema ni kuwa ofu, yaani huna zamu. Kamusi yangu inasema 'kuzuia, kukinga', na nikitafuta 'stave off', 'fend off' na 'head off' naletewa 'kuzuia, kukinga' hizo hizo. Kama yote ni kuzuia, kosa langu liko wapi? Na kuna faida gani kuvijua vyote? Najiandaa na mtihani wa Kiingereza wa wauguzi ili niombe kazi nje, kwa hiyo naomba nielezwe kwa kina. Mimi ni mama wa watoto wawili, muda wa kusoma ni usiku tu."*

Dada yangu, maana uliipata sawasawa. "Ward off" ni kuzuia jambo baya lisikufikie, na kamusi yako haikukudanganya. Mstari mwekundu ulichorwa kwa sababu ya jina uliloliweka baada ya kitenzi. Ulikusudia kusema kwamba mliwakinga watoto na malaria. Mwingereza akiisoma sentensi ile anaona kwamba mliwafukuza watoto, mkawasukumia mbali, kana kwamba wao ndio waliokuja na madhara. Akifika kwenye "from malaria" anakuwa ameshapotea. Nitakueleza kwa nini inakuwa hivyo, maana ukiielewa sababu hutakuwa na haja ya kukariri orodha usiku watoto wamelala. Kisha nitamrudia mfawidhi wako, ambaye kwa sehemu kubwa ana haki.

Nianze na ubishi wa wenzako. Yule wa wodini amekaribia ukweli kuliko anavyojua. "Wodi" tunayoisema hospitalini ndiyo hiyo hiyo "ward", na hata matamshi ni yale yale: hulingana sauti na "lord", si na "hard". Lakini kumruhusu mgonjwa aende nyumbani ni "discharge", na "ward off" haina maana hiyo. Yule wa pili ameshikwa na "off" ya zamu. Ni kweli Mwingereza husema "I'm off today" au "off duty" akiwa mapumzikoni, nasi tumelichukua neno tukasema niko ofu. Ndani ya "ward off", hata hivyo, "off" inaonyesha umbali: kitu kinasukumwa kiende kule, kisisogee hapa.

Sasa tulitazame "ward" lenyewe, kwa sababu ufunguo wa kosa lako umo humo. Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi "weardian", yaani kulinda, kukaa macho. Kutoka hapo "ward" likawa jina la ulinzi, kisha la mahali panapolindwa, kisha la mtu anayelindwa. Chumba cha wagonjwa wanaoangaliwa pamoja kikaitwa "ward". Sehemu ya mji yenye mwakilishi wake ikaitwa "ward" pia: eneo kongwe la City of London limegawanywa katika sehemu 25 za namna hiyo hadi leo, Wakenya wanaziita wadi, nasi Tanzania tunasema kata. Mtoto aliyewekwa na mahakama chini ya ulezi ni "ward of court". Hata kabati la nguo, "wardrobe", kwa asili ni kilinda mavazi. Neno hilo lilikuwapo pia upande wa Ufaransa, likiwa limetoka kwa makabila ya Kijerumani. Wafaransa wa kaskazini walibaki na sauti ya w, wale wa eneo la Paris wakaigeuza kuwa g, na Kiingereza kikachukua kwa wote wawili. Ndiyo maana kina "warden" na "guardian", "warranty" na "guarantee", na ndiyo maana "ward" na "guard" ni ndugu wa damu.

Kwa hiyo ndani ya "ward off" kuna mlinzi amesimama mlangoni. Hapo pana watatu: mlinzi mwenyewe, anayelindwa aliye ndani, na anayekuja kutoka nje na nia mbaya. Zamani "ward" peke yake ilimgusa yule wa ndani, maana ilikuwa kumlinda. Ikishaongezwa "off", kitenzi kinageukia nje na kumgusa yule anayekuja. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: baada ya "ward off" anakaa mwenye madhara, na anayelindwa hana nafasi katika kitenzi hicho. Ukimtia anayelindwa mahali hapo, umemfanya adui.

Ulivyoteleza ni jambo la kawaida sana kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili, na sababu yake ni kitenzi chetu cha "kinga". Kinga humshika mtu: tumemkinga mtoto, kisha balaa hufuata nyuma kwa "na", tumemkinga mtoto na malaria. Zuia hufanya kinyume, hulishika balaa lenyewe: tumezuia malaria. Epusha hukubali yote mawili. Tunaomba Mungu atuepushe na balaa, sisi tukiwa ndio tunaoguswa na kitenzi, na tunasema sadaka huepusha balaa, balaa likiwa ndilo linaloguswa. Tukitaka kuwataja wote wawili pamoja, tunaingia kauli ya kutendea: Mungu ametuepushia balaa. Lugha yetu ina milango mingi hapa, na mzungumzaji hupita bila kuhisi kizingiti. Kiingereza kimegawa kazi: "protect" humshika mtu, "ward off" hulishika balaa, na hakuna kiambishi cha kukuwezesha kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Basi kabla ya kuandika, isemee sentensi yako moyoni kwa "epusha". Ikikaa vizuri bila "na", kama vile "kuepusha mbu" au "kuepusha maambukizi", tumia "ward off". Ikidai "na", kama vile "kuwaepusha watoto na malaria", hama, nenda kwenye "protect".

Tuipime sentensi yako. Ulichotaka kusema ni: "We protected children under five against malaria by giving them nets." Ukikipenda sana kitenzi chako, mpe adui wa kweli: "The nets helped ward off mosquitoes." Hapo imekaa, kwa sababu mbu ndiye anayekuja, na chandarua kinasimama kati yake na mtoto. Kwa taarifa ya wafadhili, mimi ningeandika: "We gave out treated nets to prevent malaria in children under five." Utaona kwamba mtoto amerudi, lakini ameingia kwa "in", kama mahali ambapo ugonjwa ungetokea.

Zoea pia majina yanayopenda kukaa na "ward off", kwa sababu wasomaji wa Kiingereza huyatarajia: mbu na wadudu, maambukizi, mafua, baridi, pigo, shambulio, wanyama wakali, mkosi, pepo wabaya, na kile wanachokiita "the evil eye", ambacho sisi tunakijua kama jicho baya au husuda. Ukitaka kumweleza mgeni kwa nini bibi anampaka mtoto mchanga wanja au anafukiza ubani chumbani, "to ward off the evil eye" ndiyo maneno yenyewe. Kinachoyaunganisha majina hayo ni kwamba kila kimoja kinakuja kutoka nje kumwelekea mtu. Kitu kisicho na mwendo wa kuja hakikai vizuri hapo. Husemi "ward off mistakes" unapozungumzia makosa ya kujaza rejesta, kwa sababu makosa hayaji na kubisha hodi, tunayafanya wenyewe. Hapo ni "avoid" au "prevent".

Kuna tofauti moja ndogo ambayo muuguzi hapaswi kuikosea. "Ward off a cold" ni kujikinga na mafua. "Ward off the cold" ni kujikinga na baridi, kama kwa sweta au blanketi. Herufi moja ya "a" inaleta ugonjwa, na "the" inaleta hali ya hewa. Kwa kuwa Kiswahili hakina vitu hivi viwili vidogo mbele ya majina, jicho letu huviruka.

Kuhusu mpangilio wa maneno. Jina linaweza kukaa baada ya "off" au katikati: "ward off mosquitoes" na "ward mosquitoes off" zote ni sahihi, ila ya kwanza ndiyo inayosikika mara nyingi, na jina likiwa refu hubaki nyuma bila ubishi. Kiwakilishi, lakini, lazima kiingie katikati: "ward them off", "ward it off". Ukiandika "ward off them" umekosea. Wanafunzi wengi huiona kanuni hii kuwa ya kuchosha, ila Mswahili ana njia ya mkato. Sisi tukilitaja jina huliweka nje ya kitenzi, tunawafukuza mbu; tukiliacha jina, kiwakilishi tunakitumbukiza ndani, tunaWAfukuza. Kiingereza nacho hufanya jambo linalokaribiana na hilo: kijineno chepesi kinaingia ndani, kati ya "ward" na "off". Kitu chepesi kinabebwa tumboni mwa kitenzi.

Usiipeleke kanuni hiyo kwenye bango la "Keep off the grass". Pale "off" ni kihusishi kilichoshikamana na majani, na anayeambiwa akae mbali ni wewe msomaji. Kwa hiyo ukibadilisha kuwa kiwakilishi unasema "keep off it". Lakini "keep the flies off the food", yaani zuia nzi wasitue kwenye chakula, inakuwa "keep them off". Nakutajia hili kwa sababu mtahini hupenda kukutega papo hapo.

Sasa hao ndugu watatu uliowataja. Kamusi ndogo huwatupa wote kapu moja la "kuzuia", na hapo ndipo mwanafunzi hukata tamaa. Mimi huwatofautisha kwa kuuliza hatari iko wapi kitenzi kinapoanza kazi.

"Stave off" ndiyo inayokuhusu zaidi hospitalini. "Staff" ni fimbo au mkongojo, na wingi wake wa zamani ni "staves". Kutokana na wingi huo watu wakaunda umoja mpya, "stave", na katika karne ya 17 kikaingia kitenzi cha kusukuma kitu mbali kwa fimbo. Matumizi yake ya mwanzo yanahusishwa na michezo ya kikatili ya Uingereza ya enzi hizo, ambamo mbwa walichochewa wamshambulie dubu aliyefungwa, kisha wakarudishwa nyuma kwa fimbo. Mbwa aliyerudishwa kwa fimbo hajaondoka, yupo pale pale anangoja. Hali hiyo imebaki ndani ya kitenzi mpaka leo: "stave off" ni kuzuia kwa muda, kuahirisha jambo ambalo bado lipo na laweza kurudi. Tunapokula muhindi wa kuchoma njiani ili kupooza njaa, Mwingereza anasema "to stave off hunger". Kampuni ikikopa ili isifilisike mwaka huu, imefanya "stave off bankruptcy". Na wewe unayempa mama pakiti za ORS, yaani chumvi ya kurudishia maji mwilini, mtoto wake akiharisha, kabla gari halijampeleka hospitali ya wilaya, unaweza kuandika kwa haki kabisa: "The ORS staved off severe dehydration until the child reached hospital." Sentensi hiyo inasema kwa maneno machache kwamba hatari ilikuwa imesogea, mliisukuma nyuma, na kazi ilikuwa haijaisha.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna mahali "stave off" inapunguza ukweli. Ndui ilitangazwa kutokomezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1980, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977. Ukiandika kwamba chanjo "staved off smallpox", msomaji ataelewa kwamba ndui iko mlangoni inasubiri zamu yake. Kazi iliyomalizika ina vitenzi vyake: "eradicated", au kwa lugha nyepesi, "wiped out".

Angalia na tahajia. Naona "starve off hunger" katika maandishi ya watu waliosoma, Afrika Mashariki na hata Uingereza kwenyewe. "Starve" ni kufa njaa au kumnyima mtu chakula, kwa hiyo maneno hayo yanagongana. "Stave" hulingana sauti na "save". Wakati uliopita ni "staved off". Ukikutana na "stove in" ni jamaa wa mbali, hutumika kwa pipa au chombo cha majini kilichotobolewa ubavu.

"Fend off" imekatwa kutoka "defend". Hapa adui ameshafika, mko karibu, na unamrudisha kwa mikono, mara nyingi zaidi ya mara moja. Mtu hu-"fend off" mbwa wanaomrukia, mchezaji hu-"fend off" wapinzani, mkurugenzi hu-"fend off" maswali ya waandishi wa habari. Matairi yanayoning'inizwa ubavuni mwa boti ili zisigongane na gati yanafanya kazi ya vile Waingereza wanavyoviita "fenders", kwa asili hiyo hiyo. Kwenye habari za mwili, "fend off infection" na "ward off infection" zote huandikwa, na sitakudanganya kwamba kuna ukuta kati yao. Ila usichanganye na "fend for yourself", ambayo ni kujitafutia riziki bila msaada.

"Head off" imetoka kwa wachungaji na wawindaji. Ng'ombe wakianza kukimbilia shamba la watu, kuwafuata nyuma hakusaidii: unazunguka, unawatokea mbele ya vichwa, unawageuza. Hivyo "head off" ni kuliona jambo linakuja bado likiwa mbali, ukaliwahi kabla halijafika. Viongozi wanaokaa na wafanyakazi kabla ya tarehe ya mgomo "head off a strike". Timu iliyotia klorini kwenye visima baada ya mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu kuonekana inaweza kuwa "headed off an outbreak". Tahadhari moja: bila kitu kinachozuiwa, "head off" ni kuondoka kwenda mahali. "She headed off to Dodoma" ni kwamba alishika njia ya Dodoma, hakuizuia Dodoma.

Na "prevent"? Asili yake ni Kilatini, "praevenire", kuja kabla. Kwa muda mrefu Kiingereza kiliitumia pia kwa maana hiyo. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Zaburi ya 119 mstari wa 147, mtunga zaburi anasema "I prevented the dawning of the morning", na hakukusudia kwamba aliizuia alfajiri isipambazuke. Aliitangulia, aliamka kuomba kabla ya mapambazuko. Maana ya leo ya kuzuia imekua kutoka hapo: anayetangulia huziba njia. Ndiyo maana "prevent" inafaa karibu kila mahali. Haijali kama hatari iko mbali au karibu, inakuja kutoka nje au inazaliwa ndani, ya muda au ya kudumu. Na katika umbo lake inakubali hata mtu: "prevent the patient from falling", kumzuia mgonjwa asianguke. Huenda hilo "from" ndilo ulilolihamishia kwenye "ward off" bila kujua.

Hapo namrudia mfawidhi wako. Kwa taarifa za kazi, ushauri wake ni mzuri. Taarifa ya afya inahitaji vitenzi vinavyopimika, na wafadhili wanalinganisha maneno yako na malengo ya mradi yaliyoandikwa kwa "prevent", "protect" na "reduce". "Ward off" ni neno la makala za magazeti na mazungumzo, si kosa, ila lina harufu ya simulizi. Katika rejesta, barua ya rufaa au maelezo ya dawa, usilitumie. SP, dawa ya kukinga malaria anayopewa mjamzito kliniki, "helps prevent malaria in pregnancy", na maneno yakaishie hapo.

Nisichokubaliana naye ni ile "siku zote". Utakaposoma utakutana na vitenzi hivi kila ukurasa, na asiyevijua atapoteza habari. Mfano wa karibu ni matangazo ya vidonge na unga wa mitishamba. Mengi huandikwa "helps ward off" hiki na kile. Msomaji asiye makini anaelewa kwamba dawa inatibu au inazuia kwa hakika, ilhali maneno yenyewe yameahidi kidogo mno: kwamba inasaidia kumweka adui mbali, bila kusema kwa kiasi gani wala kwa nani. Vitamini C imeuzwa miaka mingi kwa maneno ya kuepusha mafua, na tafiti zimeonyesha kwamba kwa watu wa kawaida kuinywa kila siku hakuwazuii kupata mafua. Mama akikuletea kopo lenye maneno hayo akitaka kuacha dawa aliyoandikiwa, uelewa wako wa kitenzi kimoja utamsaidia.

Kuhusu mtihani. Kama ni OET, yaani mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, sehemu ya kuandika humpa muuguzi dakika 45 na maelezo ya mgonjwa, naye aandike barua, mara nyingi ya rufaa, ya kumhamisha mgonjwa au ya kumruhusu. Huko kaa na "prevent", "protect against", "reduce the risk of". Sehemu ya kuzungumza ni tofauti, kwa sababu unaigiza mazungumzo na mgonjwa, na mgonjwa anahitaji maneno mepesi. "This will keep the mosquitoes away" inaeleweka kwa kila mtu kuliko "ward off". Vitenzi vya leo vitakufaa zaidi unaposoma na unaposikiliza. Ukiwa na nafasi ya kimoja tu wiki hii, chukua "stave off", kwa sababu hicho kina maana ambayo "prevent" haiwezi kuibeba.

Kuna mambo mawili ambayo jibu la maandishi halitoshi, na ningependa utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. La kwanza ni chochote kitakachobandikwa ukutani au kupewa mgonjwa kwa Kiingereza: bango, kipeperushi, fomu ya ridhaa, maelezo ya kipimo cha dawa. Usikipeleke kuchapishwa kabla hakijasomwa na mtu anayejua Kiingereza vizuri pamoja na mtu wa fani yako, wakikaa meza moja, kwa sababu mwalimu wa lugha anaweza kuinyoosha sentensi akaibadilisha maana ya kitabibu bila kujua. La pili ni barua zako za mazoezi ya mtihani. Kukosea mahali pa kuweka mtu na mahali pa kuweka ugonjwa hakutaishia kwenye "ward off". Naona dalili kwamba kutajitokeza pia kwenye "prevent", "cure" na "treat", na hilo linahitaji mwalimu aone barua zako kadhaa kwa mfululizo. Mpelekee zile zilizorudi na wino mwekundu, si zile nzuri, na umwombe akuulize katika kila sentensi: hapa kitenzi kinamgusa nani?